Maswali ya wasomaji: kodi ya nyumba ya kukarabati Italia

Swali: Nataka kununua nyumba chakavu Abruzzo kwa yuro 30,000, kutoka kwa mtu binafsi. Mimi ni Mtanzania. Kodi ya ununuzi ni kiasi gani?

Jibu: Uraia haupandishi kodi. (Kama huna kibali cha kuishi Italia, mwulize kwanza notaio, yaani mwanasheria wa umma anayesimamia mauzo ya nyumba, kama nchi yako inawaruhusu Waitalia kununua.) Usipohamia huko utalipa 9%, isiyopungua yuro 1,000, pamoja na ada mbili za yuro 50. Asilimia hiyo yaweza kupigwa kwenye thamani ya daftari la majengo la serikali badala ya bei: rendita (kipato cha mwaka ambacho daftari hilo linaikadiria nyumba) mara 126. Rendita ikiwa 200 unapata 25,200, na kodi ni 2,268. Lakini lazima uombe hivyo mbele ya notaio siku ya kusaini. Ukinyamaza, unatozwa kwa bei.

Kiwango cha 2% ni cha anayehamishia makazi kwenye manispaa hiyo ndani ya miezi 18. Ukichelewa, unadaiwa tofauti, faini na riba.

Kinachowanasa wengi ni magofu. Jengo la daraja F/2, yaani gofu lisilokalika, halina rendita, hivyo 9% hupigwa kwenye bei: kwako, 2,700. Omba visura, yaani dondoo ya daftari la majengo inayoonyesha daraja na rendita, kabla ya kutoa arubuni.