Kipima unyevu cha ghala la korosho: analogi ya umeme kidogo iwekwe wapi ili mawasiliano yawe salama

Mkuu, umeuliza kama kipima unyevu chako kinaweza kuficha taarifa ndani ya mawimbi ya fujo (chaos, yanayoonekana kama hayana mpangilio) yanayozalishwa na saketi ya analogi, ili uepuke usimbaji wa kidijitali, yaani kufunga ujumbe kwa ufunguo wa siri, unaohofia utamaliza betri. Nipo Mtwara, vifaa hivi ndiyo kazi yangu, na nakushauri uiache njia hiyo mapema.

Watafiti Pecora na Carroll walionyesha mwaka 1990 kwamba saketi mbili za fujo zinaweza kwenda sambamba. Cuomo na Oppenheim wakaficha ujumbe humo mwaka 1993, na mwaka uliofuata Kevin Short akaonyesha jinsi ya kuutoa. Hata asipokuwepo mdukuzi, saketi hizo zinadai vipuri vinavyolingana. Mtumaji wako atakaa chini ya mabati Masasi, mpokeaji ofisini kwenye feni. Hazitalingana.

Betri tuihesabu. CR2032, ile betri ya kidonge, ina takriban miliampea-saa 220. Ukitaka miaka 5, yaani saa 43,800, wastani wako ni mikroampea 5. Redio ya LoRa, ile ya kutuma mbali kwa umeme kidogo, ikituma huvuta makumi ya miliampea (weka kapasita kubwa pembeni, betri hiyo ndogo haiwezi kuutoa mkondo huo vizuri). Usimbaji wa AES, njia ya kawaida ya kidijitali, kwa pakiti fupi, kwenye chipu yenye saketi yake maalumu, hauchukui hata milisekunde moja. Walaji ni redio na vile visivyolala: mkondo rejea (unaoziwekea saketi nyingine kipimo), saa, kilinganishi (kinachosema volteji ipi kati ya mbili ni kubwa). Hivyo ndivyo vya kubania.

Transista za vitu hivyo visivyolala ziendeshe chini ya volteji ya kizingiti, yaani ile ambayo kwa kawaida transista huhesabiwa kuwa imewaka, kama Vittoz na Fellrath walivyoeleza mwaka 1977. Hakuna eneo linalokupa ukuzaji zaidi kwa kila nanoampea. Lakini joto linazisumbua sana transista zikiwa hapo, na uvujaji wa mkondo huongezeka karibu mara mbili kila nyuzi 10. ngspice, programu ya kujaribia saketi kwenye kompyuta, usipoiambia kitu huchukua nyuzi 27, na ghala la Masasi saa nane mchana mwezi wa Novemba halina nyuzi 27. Mimi siupokei mchoro ambao haujajaribiwa mpaka nyuzi 85.

Sasa namba nasibu, zile zisizotabirika ambazo ufunguo wa usimbaji huundwa nazo, ndizo zinanikosesha usingizi. Ufunguo wako hauwezi kuwa imara kuliko kelele iliyouzaa. Kelele ya joto kwenye kapasita ya pikofaradi 1 ni kama mikrovolti 64, kwa hiyo ni lazima uikuze. Ukiinyima amplifaya umeme inakuwa nzito kubadilika. Ukichukua sampuli haraka kuliko inavyoweza kubadilika, biti moja inafuata iliyotangulia na adui anaibahatisha. Nimewahi kushika kifaa cha mteja ambacho sifuri na moja zilikuwa nusu kwa nusu, safi kabisa, ila ukizipanga biti kwenye skrini unaona michirizi. Mbinu ya von Neumann, 01 iwe 0, 10 iwe 1, nyingine zitupwe, huondoa upendeleo tu, yaani sifuri kuzidi moja au moja kuzidi sifuri. Michirizi ile haiiondoi.

Kwa hiyo amplifaya ya kelele usiibanie. Ipe mikroampea za kutosha, iwashe ufunguo unapohitajika tu, kisha izime kabisa. Kwenye wastani wa miaka 5 hutaiona. Ukichagua oscileta za pete (saketi za kidijitali zinazojizungusha zenyewe) ziwe chanzo cha namba nasibu badala yake, chuja umeme wake vizuri: Markettos na Moore mwaka 2009 walizitawala kwa kuingiza masafa kwenye njia ya umeme.

Kingine, kwako kughushi ni hatari kuliko kusomwa. Unyevu unagusa daraja la korosho kabla ya mnada, na mkulima ndiye anayeumia. Kila pakiti iwe na uthibitisho na namba ya mfuatano ili ya jana isirudishwe leo. Ascon, njia ya usimbaji iliyochaguliwa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 2023 kwa vifaa vidogo, inasimba na kuthibitisha kwa pamoja.

Kwa chipu yenyewe anza na SKY130, teknolojia ya kutengeneza chipu ambayo Google na SkyWater waliifungua kwa umma mwaka 2020. Chora amplifaya ya kelele na kilinganishi kwanza, uvibandike hapa pamoja na matokeo ya nyuzi 27 na 85, tuvipitie.