Geti moja la tipa na mafundi: usianze na reflekta

Mkuu, umeuliza kama fulana za reflekta na filimbi zinatosha kuzuia ajali saiti yako ya Nyegezi, ambako tipa, mafundi na mama ntilie wote wanapita geti moja. Hazitoshi. Nimekuwa foromani hapa Mwanza miaka kumi na moja, na hili nililiona kwa macho.

Tulikuwa tunajenga Igoma. Tipa la mchanga linarudi nyuma, mashine ya zege inanguruma, saidia fundi wawili wanaita "njoo, njoo!" kila mmoja upande wake. Mama aliyetuletea uji akakatiza nyuma na ndoo kichwani. Reflekta alikuwa amevaa, tena mpya. Dereva angemwonaje? Nyuma ya bodi ya tipa kioo hakifiki. Kilichomwokoa ni tairi kukwama kwenye jiwe. Alikaa chini akalia, nami usiku ule sikulala.

Kesho yake tulibomoa kipande cha uzio tukapata geti la pili, la miguu tu. Njia yake tuliizungushia mawe, na mawe Mwanza yamejaa tele. Kama kiwanja chako ni finyu, tenganisha kwa saa: mchanga na kokoto viingie kabla mafundi hawajafika, na tipa likiwa ndani, asiingie mtu.

Halafu punguza rivasi. Gari likiingilia huku na kutokea kule, hatari kubwa imeondoka. Pale ambapo lazima lirudi nyuma, mwongozaji awe mmoja. Asimame upande wa dereva, anakoonekana kwenye kioo, asikae kamwe kati ya tipa na ukuta. Aongoze kwa mikono, maana mashine humeza filimbi. Dereva asipomwona kwenye kioo, anasimama papo hapo, hata kama zimebaki hatua mbili. Wanaolipwa kwa tripu watanuna. Wanune.

Mahali pa kumwagia weka gogo la kuzuia tairi, mbali na ukingo wa msingi, hasa masika udongo ukilowa.

Mama ntilie usimfukuze. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inawalinda hata wasiofanya kazi pale. Mtengee kivuli nje, mafundi wamfuate saa ya chai. Wetu tulimjengea kibanda kwa mabati yaliyobaki, na geti likiachwa wazi yeye ndiye wa kwanza kutupigia kelele.