Fundi Anajibu: hizi taima za mtambo wa nyuklia zinangoja nini?

Toleo lililopita tuligusia kidogo ule mpango wa serikali wa kujenga mtambo wa nyuklia kule Buyende, karibu na ziwa Kyoga, na nikasema kwa mstari mmoja tu kwamba mitambo hiyo ina rilei za kuchelewesha, yaani taima, swichi za umeme zinazongoja sekunde zilizopangwa ndipo zigeuke, ndani ya mifumo yake ya usalama. Mstari mmoja! Meseji zimejaa. Basi mwezi huu tunakaa hapo hapo, wenye maswali ya inverter na sola mnisamehe.

SWALI: Fundi habari za siku nyingi. Mimi nafunga mashine za posho, za kusaga mahindi, huku Busia, taima ya star-delta ile ya kuwasha mota kwa hatua mbili naijua vizuri, bila hiyo breka ya umeme inaruka kila ukiwasha. Lakini hii ya nyuklia imenishinda. Kitu ni cha usalama, hatari imeshaingia, halafu ati unakichelewesha? Si kingefanya kazi saa hiyo hiyo? *Fundi wa posho, Busia*

JIBU: Nzuri ssebo. Umeuliza mahali penyewe, na bahati nzuri nusu ya jibu tayari unayo mkononi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuzima kinu chenyewe, yaani lile chungu ambamo joto la nyuklia linatengenezwa, hakuna kungoja. Kwenye vinu vingi vya maji ya presha, zile fimbo za kuzima zinashikiliwa juu na sumaku ya umeme, ukikata umeme zinaanguka kwa uzito wake na sekunde 2 au 3 zimeshafika chini. Hapo hakuna taima ya kusema ngoja kwanza.

Shida inakuja baada ya kuzima. Urani, yale madini ambayo ndiyo mafuta ya kinu, haizimiki kama taa, ikishatumika inaendelea kutoa joto. Dakika ile fimbo zimeanguka joto bado ni kama asilimia 6 au 7 ya nguvu yote. Kinu cha kutoa umeme wa megawati 1,000 kinapika joto la kama megawati 3,000, sasa piga hesabu, unabaki na karibu megawati 200 za joto kwenye kinu ambacho kila mtu anasema kimezimwa. Bwawa letu la umeme la Isimba likifungua kila kitu linatoa megawati 183. Lisaa likipita joto linashuka hadi asilimia moja na kitu, lakini hiyo saa lazima uivuke, na kuivuka kunataka pampu za maji, na pampu zinataka umeme.

Kama umeme wa gridi upo, hakuna neno. Ukikatika, jenereta kubwa za dizeli zinawaka zenyewe na kwa kawaida ndani ya sekunde kama 10 zinatakiwa ziwe tayari kubeba mzigo. Na hapa ndipo unaporudi kwenye kazi yako. Mota ikianza inavuta karenti mara 5 mpaka 7 ya ile ya kawaida, wewe mwenyewe umeona senta nzima taa zinafifia mtu akiwasha mashine ya posho asubuhi. Sasa chukua pampu kubwa kubwa, kila moja ni mamia ya kilowati, zote zimesimama zinangoja umeme, halafu breka ya jenereta inaunga umeme na zote zinavuta kwa pamoja. Volteji inaanguka chini, kontakta, zile swichi za kuwasha mota, zinaachia, injini inazidiwa inakohoa inazima, na ulikuwa na umeme sasa huna. Pampu zote zimetaka kuwahi na hakuna hata moja iliyofika.

Kwa hiyo zinapangwa foleni. Jenereta ikishika, mzigo wa kwanza unaingia, baada ya kama sekunde 5 wa pili, sekunde 5 tena wa tatu, hadi mwisho. Rilei za kuchelewesha ndizo zinashika foleni hiyo. Marekani mwongozo wao unasema wakati wa kupandisha mizigo volteji isishuke chini ya asilimia 75 ya ile ya kawaida na frikwensi isishuke chini ya asilimia 95, na kabla mzigo unaofuata haujaingia volteji iwe imeshajiinua.

Ila usidhani kazi imeisha ukishaweka taima. Mara nyingi kila taima inahesabu toka jenereta iliposhika, haihesabu toka mwenzake. Tuseme pampu moja imepewa sekunde 25 na ingine sekunde 30, na taima zote zinaweza kukosea kwa asilimia 10. Ile ya 25 ikichelewa inaingia kwenye 27.5. Ile ya 30 ikiwahi inaingia kwenye 27. Umeona? Zimepishana, ya pili imemtangulia wa kwanza na zote mbili zinavuta karenti ya kuanzia karibu kwa wakati mmoja, na hakuna hata taima moja iliyoharibika, zote ziko ndani ya kipimo walichoandika kwenye kibao! Ndiyo maana watu wa nyuklia wanagombana juu ya nusu sekunde, kitu ambacho kwenye posho wewe na mimi tungecheka tu.

Kuna kungoja kwingine kabla ya hapo. Rilei inayoamua kwamba gridi imekufa nayo inapewa muda kidogo, kwa sababu volteji inaweza kuzama mara moja na kurudi, labda mota kubwa imewashwa mahali ama radi imepiga laini. Kila ikizama ukikimbilia jenereta utazichosha bure. Lakini sisi Waganda tunajua umeme mbaya kuliko uliokatika ni ule dhaifu, ule wa taa kuwaka njano na friji kunguruma bila kupoza. Marekani walilijua hilo mwaka 1976 kwenye mtambo wa Millstone, gridi ilikuwa haijakatika ila volteji ilikuwa chini, kontakta zikashindwa kushika na fyuzi za kontroli zikaungua. Toka hapo wakaweka ulinzi wa pili kwa ajili ya umeme dhaifu, nao una taima yake, ndefu kuliko ile ya umeme uliokatika kabisa.

SWALI: Mwalimu wetu wa ufundi alituonyesha picha ya taima ya nyuklia inayofanya kazi kwa hewa, yaani hewa kweli si kompyuta. Mbona teknolojia ya zamani hivyo kwenye kitu cha kisasa? *Mwanafunzi, Kamuli*

JIBU: Mwalimu wako yuko sawa. Ndani kuna koili, juu yake kichumba kidogo chenye diaframu ya mpira na springi, na kavali kembamba kama ncha ya sindano. Koili ikipata umeme inavuta, diaframu inataka kusogea lakini hewa lazima ipite kwenye kale katundu, na inapita polepole. Ukizungusha skrubu ya juu unakaza au kulegeza katundu, ndiyo unapanga sekunde. Hewa ikishapita diaframu inafika mwisho, swichi inasema tak, kontakti zimebadilika. Haina programu, huwezi kuihaki, na mtu akipita na redio kol hapo karibu haibabaiki, wakati taima za elektroniki zinaweza kusumbuliwa na mawimbi ya redio zisipokingwa vizuri.

Kwa upande wangu naipenda hiyo mashine, lakini nisikudanganye, ina magonjwa yake. Mpira unazeeka. Koili ikikaa na umeme masaa 24 inajipasha moto na kupasha kila kitu kilicho jirani. Vumbi likiingia kwenye katundu sekunde zinabadilika. Zile maarufu zinaitwa Agastat, mfululizo wa E7000, mtengenezaji anazipa miaka 10 toka tarehe ya kutengenezwa au kufanya kazi mara 25,000, kinachotangulia. Sikiliza vizuri: toka kutengenezwa, si toka kufungwa. Ikikaa stoo miaka 6 umebakiwa na 4.

Za elektroniki zinashika muda vizuri zaidi na watu wanahamia huko taratibu. Kinachowapa wasiwasi ni ile chip ndogo ndani. Ukiweka taima ya aina moja kwenye njia zote za usalama, na programu yake ina kosa moja, kosa hilo liko kila mahali siku moja na saa moja. Ukiwa na njia nne na zote zimeugua ugonjwa mmoja, hesabu yake ni njia moja tu.

SWALI: Mimi naishi Buyende. Ukweli tu fundi. Hiyo taima ikigoma tunalipuka? Na Chernobyl ilikuwa hivyo? *Mama wa watoto wanne*

JIBU: Hapana mama, taima moja ikigoma hakuna kinacholipuka. Vifaa vinawekwa zaidi ya seti moja, kila seti na jenereta yake, nyaya zake na chumba chake, na saketi za kuzima kinu zinapangwa hivi kwamba zikikosa umeme zinazima kinu, hazikiachi kiendelee. Maamuzi yanapitishwa kwa kura, mfano vipimo 2 kati ya 4 vikikubaliana.

Chernobyl, kule Ukraine kinu kilipolipuka tarehe 26 Aprili 1986, chanzo ni muundo mbaya wa kinu na jinsi kilivyoendeshwa usiku ule, si rilei. Lakini swali lako lina ndugu na mambo yetu, maana jaribio walilokuwa wakifanya lilihusu huku huku kungoja dizeli: dizeli zao zilihitaji karibu dakika nzima kuchukua mzigo, wakataka kuona kama tabaini, lile pangaboi kubwa la mvuke linalozungusha jenereta ya mtambo, ikizunguka kwa kasi iliyobaki inaweza kuendesha pampu mpaka dizeli zifike.

Fukushima kule Japani, Machi 11, 2011, tetemeko lilipopiga vinu vilivyokuwa vinafanya kazi vikazima, dizeli zikawaka, kila kitu kikafanya kazi yake. Kama dakika 50 baadaye tsunami ikaja ikazamisha dizeli na paneli zilizokaa chini. Hapo uwe na taima nzuri namna gani, hazikusaidii. Kwa hiyo sisi watu wa kando ya ziwa, wakija kwenye mikutano ya wananchi waulize jenereta zitakaa urefu gani juu ya maji na paneli ziko chumba gani. Hilo ni swali kubwa kuliko la taima, na ni haki yako kulijibiwa.

SWALI: Taima mjini zipo kibao na bei poa. Wakijenga Buyende si tuwauzie? *Mfanyabiashara, Kampala*

JIBU: Hahaha. Jaribu, lakini jiandae na makaratasi. Ya usalama inawekwa kwenye meza ya kutikisa kama tetemeko na wanaangalia kontakti, maana rilei ikitikiswa kontakti zinachezacheza zinafunga na kufungua zenyewe, na huo mguso mdogo unatosha kuwasha kitu ambacho hakijaitwa. Kabla ya hapo inazeeshwa kwa makusudi kwenye joto na mionzi, ndipo itikiswe ikiwa mzee, si ikiwa mpya. Kifaa cha dukani kinaweza kukubaliwa kikipimwa na kukaguliwa kwa njia rasmi, ila gharama ya vipimo inaimeza bei ya kifaa mara nyingi sana. Na feki? Banange, hapo usiguse.

Ikishafungwa bado. Fundi anarudi kila baada ya muda uliopangwa, kwenye mitambo mingi ni pale kinu kinaposimama kubadilisha mafuta, kila mwaka mmoja na nusu au miwili, anaunga saa ya kupimia na kuandika namba mbili: jinsi alivyoikuta na jinsi alivyoiacha. Ile ya kwanza ndiyo muhimu, usirekebishe kabla hujaiandika, maana ndiyo inasema kama miezi yote iliyopita ulikuwa salama au ulikuwa unadhani tu.

SWALI: Kuna taima yoyote inayomngojea binadamu? *Msomaji, Arua*

JIBU: Ipo, na ni nzuri. Kwenye vinu vya maji yanayochemka, Fukushima walikuwa na vya aina hiyo, kuna mfumo wa kufungua vali kwa nguvu ili presha ishuke na pampu za presha ndogo ziweze kuingiza maji. Ni hatua kubwa, unatoa mvuke mwingi kwa mpigo. Kwa hiyo masharti yakitimia taima inahesabu kama dakika 2 hivi, king'ora kinalia, na waendeshaji wana nafasi ya kuangalia vipimo na kubonyeza kitufe cha kuzuia kama wanaona maji yanarudi. Wasipobonyeza, vali zinafunguka zenyewe.