Kabla ya Kuzidisha, Hakiki Kwanza Kama Matukio Hayategemeani

Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita ninaowafundisha uwezekano huwa wepesi kutamka kwamba matukio mawili hayategemeani (yaani kutokea kwa moja hakubadilishi uwezekano wa lingine), au yanategemeana, kwa kuyatazama tu. Ushauri wangu ni kuacha kabisa kuamua kwa macho, kwa kuwa kipimo kipo na ni kifupi: tafuta uwezekano wa A, wa B, na wa yote mawili kutokea pamoja, kisha uangalie kama huo wa mwisho unalingana na zao la hizo mbili za kwanza, yaani jibu la kuzizidisha. Ukilingana, hayategemeani; usipolingana, yanategemeana.

Chukua dadu mbili. A ni dadu ya kwanza kuonyesha 4, na B ni jumla kuwa 7. Wengi hujibu papo hapo kwamba yanategemeana, maana dadu ya kwanza imo ndani ya jumla. Lakini kati ya matokeo 36, jumla ya 7 hupatikana kwa njia 6, yaani 1/6. Uwezekano wa A nao ni 1/6. Na tokeo lenye yote mawili ni moja tu, 4 na 3, yaani 1/36, ambalo ndilo zao lenyewe. Hayategemeani. Badili jumla iwe 8, na njia zinakuwa 5: zao ni 5/216, ilhali yote mawili pamoja bado ni 6/216. Sasa yanategemeana, kwa sababu dadu ya kwanza ikitoa 1 haiwezekani kufikia 8, lakini 7 hufikika kwa nafasi ileile, hata dadu hiyo itoe namba gani.

Ninalisisitiza jambo hili kwa uchungu, kwa kuwa limewahi kumwumiza mtu. Mwaka 1999 nchini Uingereza, wakili Sally Clark alifungwa maisha kwa madai ya kuwaua wanawe wawili wachanga, baada ya daktari aliyeitwa kutoa ushahidi kuchukua uwezekano wa kifo kimoja cha ghafla, 1 kati ya 8,543, na kuuzidisha kwa wenyewe hadi kufikia 1 kati ya milioni 73. Hesabu hiyo ilidai kwamba vifo hivyo havikutegemeana, ilhali watoto wa mama mmoja huwa wa damu moja na nyumba moja. Chama cha Kifalme cha Takwimu kiliipinga hadharani mwaka 2001. Hukumu ilifutwa mwaka 2003, hasa kwa sababu ya majibu ya maabara ambayo upande wa utetezi haukuwa umepewa, na majaji wakaikosoa pia takwimu hiyo.