Usikubali abadilishiwe konea kabla limbasi haijapimwa

Mkuu, simamisha hiyo safari. Umesema mdogo wako aliingiwa na chokaa jichoni, sasa jicho ni jeupe na lina mishipa, na wakala anataka mlipe wiki hii akabadilishiwe konea, lile tabaka angavu la mbele ya jicho, huko India. Umeuliza gharama, viza na siku za kukaa. Hayo baadaye.

Mimi nilirukiwa na kostiki soda nikipika sabuni. Nikauza kiwanja, nikabadilishiwa konea. Bandeji ilipotolewa nilisoma namba ya gari lililoegeshwa nje ya dirisha, nikalia. Mwezi wa nne baada ya upasuaji nikaamka nahisi mchanga jichoni. Kwenye kioo nikaona mishipa miwili, myembamba kama nyuzi nyekundu, imeanza kuingia kwenye weusi. Mwezi wa saba ukungu mtupu. Kiwanja kimekwenda, na konea ya marehemu wa watu imekwenda.

Weusi wa jicho unapokutana na weupe kuna pete nyembamba inaitwa limbasi. Humo zimo seli shina zinazozalisha ngozi ya juu ya konea maisha yako yote. Kemikali ikiiua pete hiyo, hata uwekewe konea safi namna gani, haipati ngozi yake. Ile ngozi ya weupe inaitambalia na mishipa yake. Nilimuuliza wakala wangu mara mbili kama jicho lililoungua lina tofauti na mengine. "Konea ni konea," akanijibu, na pesa akachukua! Msinicheke, anayeogopa giza husaini chochote.

Daktari wa pili ndiye aliyeanzia kwenye limbasi. Alikata kipande cha kama milimita 2 kwa 2 kutoka jicho langu la pili lisiloungua, akakigawa vipande vidogo, akavipanda juu ya utando wa kondo la nyuma alioubandika kwenye jicho bovu. Njia hiyo daktari wa macho Sangwan na wenzake wa Hyderabad, India, waliitangaza 2012. Kabla yao, watafiti Pellegrini na De Luca wa Italia walikuza seli hizo maabara, wakachapisha 1997. Ulaya ikaidhinisha tiba yao, Holoclar, mwaka 2015. Konea, kama bado inahitajika, hufuata baada ya hapo.

Kwa hiyo kabla hamjatoa hata shilingi, daktari wa macho, si wakala, awaambie limbasi imebaki kiasi gani. Na jicho la pili la mdogo wako ni zima? Hukuandika, na mbegu ya seli hutoka huko. Kama yameungua yote, huko Japani daktari Nishida alitumia seli za ndani ya mdomo, lakini hiyo ni njia nyingine kabisa. Nijibu hilo kwanza.