Mpiga Picha wa Kujitegemea Kusini: Patana kwa Siku

Kwa miaka tisa sasa ninaishi kwa kupiga picha bila mwajiri, nikitokea Mtwara mjini na kuzunguka Mikindani, Tandahimba, Newala, Masasi na mara nyingine hadi Kilwa. Kijana anayenunua kamera yake ya kwanza ningependa aelewe jambo moja kabla hajapanda basi: mteja apatane nawe kwa siku zako, si kwa idadi ya picha.

Mimi nilijifunza hilo kwa hasara. Harusi moja ya Newala niliichukua kwa bei ya jumla, albamu na picha mia mbili, nikahesabu nauli na chumba cha usiku mmoja tu. Usiku wa kuamkia safari mvua ilinyesha, na barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi, yenye kilomita 210 na ambayo wakati huo ilikuwa ya vumbi kwa sehemu kubwa, ikageuka tope. Basi lilikwama, tukalala njiani, na baada ya harusi nilikaa gesti siku mbili nikisubiri gari la kurudi, hivyo nikatumia siku tano kwa malipo ya siku moja. Tangu hapo siku ya kwenda na siku ya kurudi huzitoza nusu ya bei ya siku ya kazi, na mvua ikinizuia, malazi na chakula ni juu ya mwenye shughuli. Watu hawakatai ukiwaeleza mapema; wanachochukia ni kudaiwa baada ya shughuli kwisha.

Kalenda ya korosho nayo uijue, kwa sababu huku ndiyo inayopanga sherehe. Mkulima hupeleka korosho zake chama cha msingi cha ushirika, zikahifadhiwa ghalani, zikauzwa mnadani, ndipo fedha zinapoingia benki. Minada kwa kawaida huanza Oktoba, kwa hiyo mteja anayekuahidi kukulipa "korosho zikilipwa" hakudanganyi, ila tarehe yenyewe haiko mikononi mwake. Chukua nusu kabla ya kuondoka nyumbani, na nusu iliyobaki uipokee siku unapokabidhi picha. Ugumu ni kwamba fedha hizo huja karibu wakati mmoja na mvua, zinazoanza Novemba au Desemba, hivyo msimu wa kazi nyingi ndio msimu wa barabara mbaya.

Vifaa navyo vinadai muda wao. Alfajiri ya Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ni ya baridi, na ukishuka pwani na kamera ile ile ukaifungua mara moja, kioo cha lenzi hufunga ukungu mweupe na picha zote zinatoka kama zimepigwa ndani ya moshi. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa ipate joto taratibu. Mimi huweka humo vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kwa kuwa lenzi yangu ya kwanza iliota kuvu ndani na fundi hakuweza kuisafisha. Kadi za kumbukumbu nakili kila usiku, hata ukiwa umechoka.

Siku ambayo vijana wengi huisahau katika hesabu ni ile ya kufika bila kutoa kamera. Niliitwa kijiji kimoja cha Tandahimba kupiga picha za kumtoa mwali, nikafika siku moja kabla, nikaenda kumwamkia kungwi na kuketi mkekani. Aliniuliza kwetu ni wapi na picha zitakwenda kwa nani. Kisha akasimama, akatembea hadi kwenye mwembe uliokuwa hatua ishirini hivi kutoka nyumba ya mwali, akagusa shina lake kwa kiganja.

"Mwanangu, mwisho wako ni hapa. Kesho watakapotoka nje utapiga upendavyo, lakini ya ndani si yako."

Nilimjibu, "Nimesikia, mama."

Kesho yake nilisimama pale pale mwembeni tangu alfajiri. Mwali alipotoka amefunikwa khanga, kungwi mwenyewe aliniita nisogee, akawapisha wanawake pembeni ili mwanga umfikie binti usoni. Picha hiyo niliisafisha Mtwara na kuirudisha kwa mikono yangu mwezi uliofuata, na siku hiyo ya kuirudisha nayo ilikuwa ndani ya bei tuliyopatana.