Re: Pikipiki ya matairi manne kwa anayeanza, ya michezo au ya kazi?

Mkuu, umesema una shamba la viazi Isyonje, huku milimani Mbeya, hujawahi kuendesha hizi mashine, na fundi anakushawishi uchukue ya michezo kwa kuwa ni nyepesi na ina mbio. Chukua ya kazi.

Ya michezo, mfano Yamaha Raptor 700, inasukumwa na matairi ya nyuma tu, ina klachi ya mkono na haina keria. Gunia utaliweka wapi? Ukigusa mafuta kidogo inaruka, na mgeni wa mashine anaumia hapo. Ya kazi kama Honda Rancher ina keria mbele na nyuma, inavuta tela, na nyingi zina foo-wili, yaani matairi yote manne yanasukuma. Utaishukuru Machi, tope likishakamata mpaka kwenye rimu. Hakikisha ina gia nzito, ile ya mwendo mdogo, ili ukishuka injini yenyewe ishike mwendo, usitegemee breki tu.

Cha kuogopa ni uzito, karibu kilo 300. Ikikulalia kwenye mteremko huinyanyui peke yako. Kwa hiyo panda na shuka ukiwa umenyooka, usikate mlima kwa ubavu. Ukipanda inamia mbele, ukishuka rudisha mwili nyuma. Na tafadhali usipakie mtu: siti ni ndefu ili dereva ahamishe mwili.

Kwa mwinuko wetu hewa ni nyepesi, ya kabureta isiporekebishwa inakosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Tafuta yenye injekta, inayojipimia mafuta yenyewe; injini ya cc 400 hivi inakutosha. Helmeti nunua siku hiyohiyo.